Pembe za bumu na mkono zinaruka ekskaveta ikizunguka: kosa ni la chujio au la ufungaji wa vihisi?

mchimbadata

Wakuu, habari za kazi. Naomba macho yenu kwenye mfumo wa kupima pembe za viungo vya ekskaveta ya tani 20: bumu (boriti kubwa inayoanzia mwilini), mkono (boriti ya pili, mbele ya bumu) na baketi. Lengo ni kujua meno ya baketi yako wapi ukilinganisha na mwili wa mashine, kosa lisizidi 30 mm. Mashine iko wapi kwenye ramani si hoja kwa sasa.

Kilichofungwa ni vihisi vinne vya mwendo (IMU) vya mihimili sita, yaani kila kimoja kina jairo tatu (zinapima kasi ya kugeuka) na akselerometa tatu (zinapima mchapuko pamoja na mvuto wa dunia), bila dira ya sumaku. Ya kwanza iko kwenye mwili wa juu karibu na kitovu cha mzunguko, ya pili ubavuni mwa bumu, ya tatu kwenye mkono, ya nne kwenye wenzo wa baketi, ule unaosukumwa na silinda. Bumu ni 5.7 m pini kwa pini, mkono 2.9 m. Mkono ukinyooshwa na bumu ikilala, kihisi cha bumu kinakuwa 3 m kutoka mhimili wa kuzunguka, cha mkono 7 m.

Programu inasoma rejista za kihisi mara 100 kwa sekunde, inachanganya jairo 0.98 na akselerometa 0.02 (hilo ndilo chujio langu), kisha pembe ya kiungo ni tofauti ya vihisi viwili jirani. Dalili ni hizi:

1. Mashine ikitulia pembe hazichezi, lakini meno yakiwa 8.6 m kutoka pini ya mguu wa bumu mfumo unakosea 60 mm. Karibu na mashine kosa linapungua.
2. Ikizunguka kwa mizunguko 10 kwa dakika, bumu inasomeka imeshuka nyuzi 18 na mkono unadanganya zaidi, ilhali hakuna silinda iliyoguswa. Mzunguko ukisimama, sekunde mbili hivi ndipo pembe zinarudi.
3. Injini (silinda sita) ikikaa karibu na mizunguko 1980, pembe zinapanda na kushuka polepole kama mtu anapumua. Ukiishusha hadi 1700 hali inaisha.

Nihamie chujio la Kalman (lile linalopima kila kihisi kiaminiwe kiasi gani)? Au nimekosea mahali pengine?

jairo_na_grisi

Mkuu, Kalman iache kwanza. Chujio lolote linaloichukulia akselerometa kama timazi litadanganyika vilevile, liwe la mistari mitatu au la kurasa kumi. Anza kwa kujua nini kinaingia kwenye hiyo akselerometa.

Piga hesabu kwa namba zako mwenyewe. Mizunguko 10 kwa dakika ni 1.047 rad/s, na kipeo chake cha pili ni 1.097. Kihisi kilicho 3 m kutoka mhimili kinapata mchapuko wa 1.097 × 3 = 3.29 m/s² kuelekea katikati. Akselerometa haiwezi kuutenga huo na uzito wa dunia, kwa hiyo inaona wima umeinama kwa atan(3.29 / 9.81) = nyuzi 18.5. Hizo ndizo 18 zako. Kwenye mkono, 7 m, ni 7.68 m/s², sawa na nyuzi 38. Hata upande wa kosa unakubali: wima wa uongo unaegemea kibanda, basi bumu inayotazama nje inasomeka imeshuka. Itasomeka imeshuka ukizunguka kulia, na itasomeka imeshuka ukizunguka kushoto. Kumbuka hilo, litakufaa baadaye.

Halafu hiyo 0.98. Kwa sampuli 100 kwa sekunde, muda wa chujio, yaani muda linaochukua kuanza kuifuata akselerometa, ni 0.98 × 0.01 / 0.02 = sekunde 0.49. Mzunguko wa sekunde tatu ni mara sita ya muda huo. Chujio linakuwa limemeza kosa lote kabla hujafika unakokwenda, kisha linahitaji sekunde mbili kulitapika. Ni namba inayonakiliwa kutoka kwenye miradi ya roboti wadogo wa magurudumu mawili, na kwa roboti ya sentimita 20 inafaa kabisa. Kwa mtambo unaofika karibu mita tisa haifai.

Toa kwanza mchapuko wa kuzunguka. Kasi ω ichukue kwenye jairo ya wima ya mwili wa juu. Umbali r wa kila kihisi kutoka mhimili unaujua ukishajua pembe θ: kwa bumu, r = r0 + d·cos θ, ambapo r0 ni umbali wa pini ya mguu kutoka mhimili na d ni umbali wa kihisi kutoka pini hiyo. Kwa mkono unaendeleza hesabu hiyo hiyo kupitia pini ya mkono. Kama x ya kihisi inafuata urefu wa bumu kwenda nje na z inatazama juu, na fx, fy, fz ni masomo ya akselerometa kwenye mihimili hiyo (y ni ya pembeni), sahihisha hivi kabla ya kutafuta pembe:

fx = fx + ω²·r·cos θ
fz = fz − ω²·r·sin θ
θ mpya = atan2(fx, fz)

θ ya kuingiza ni ile ya hatua iliyopita, haina shida. Ukikosea r kwa 50 mm, kwa kasi hiyo unapata kosa la 0.055 m/s², kama nyuzi 0.3, na hilo linakaa kwa sekunde chache tu za mzunguko.

Pili, jua lini usiiamini akselerometa kabisa. Wengi wanapima jumla ya vekta: ikiwa karibu na 9.81, wanaamini. Kipimo hicho ni kipofu mahali kinapohitajika zaidi. Mchapuko wa mlalo wa 1 m/s² unainua jumla kutoka 9.81 hadi 9.86 tu, nusu asilimia, lakini unapindua wima kwa nyuzi 5.8. Kwa hiyo usitegemee jumla peke yake. Weka masharti matatu kwa pamoja: baada ya masahihisho √(fx² + fz²) iwe ndani ya 0.3 m/s² ya thamani inayotarajiwa, kasi ya kila kiungo iwe chini ya nyuzi 3 kwa sekunde, na hali hiyo iwe imedumu angalau sekunde 0.3. Sharti moja likivunjika, jairo iendelee peke yake.

Na upime fx na fz tu, usiingize fy. Mzunguko unapoanza au kufunga breki, mchapuko wa pembeni unalala sambamba na pini na haugusi pembe ya bumu. Ukiuingiza kwenye kipimo utakuwa unaikataa akselerometa bure.

Tatu, pandisha muda wa chujio hadi sekunde 3 au 5. Hapo lakini kuna bei yake: kosa la kudumu ni sifuri ya jairo iliyohama (kasi inayoisoma hata ikiwa imetulia) kuzidisha muda wa chujio. Jairo iliyohama nyuzi 0.1 kwa sekunde na chujio la sekunde 5 inakupa nyuzi 0.5 zisizoondoka. Kwa hiyo kila mashine inapotulia sekunde mbili, chukua wastani wa jairo na uufanye sifuri mpya. Ekskaveta inatulia mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, kila opereta anapongoja lori.

Timazi

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu mchapuko, ila kuna mdudu wa pili anayejificha nyuma ya huyo. Vihisi vyako umevifunga kwa jicho au kwa kipimo?

Mhimili wa y wa kihisi lazima uwe sambamba na pini. Ukipinda kwa nyuzi 2 kuelekea wima, jairo ya y inaanza kusoma sehemu ya mzunguko wa mashine: nyuzi 60 kwa sekunde × sin 2 = nyuzi 2.1 kwa sekunde. Ukizunguka robo duara, pembe ya bumu inapata kosa la nyuzi 3.1 kutoka kwenye jairo yenyewe, hata akselerometa ukiwa umeizima. Ukipandisha muda wa chujio kama ulivyoshauriwa bila kurekebisha hili, mambo yatakuwa mabaya zaidi kuliko sasa.

Jaribio lake ni rahisi. Inua bumu, usiguse silinda yoyote, zima akselerometa kwenye programu ili jairo ijumlishe peke yake. Zungusha mashine duara kamili polepole kwenda kulia, simama, soma mabadiliko ya pembe. Kisha duara kamili kushoto. Duara kamili ni muhimu, maana ardhi ikiwa na mteremko bumu inainama kweli ukizunguka robo, lakini ukirudi ulipoanzia mteremko umejifuta. Kosa la kihisi kupinda linabadilisha alama ukigeuza upande, la sifuri ya jairo halibadiliki.

Kuhusu ufungaji wenyewe: kaa ubavuni mwa bumu, katikati ya kimo chake, usikae juu wala chini ambako bamba linanyooka na kujikunja mzigo unapoingia. Chomelea bamba dogo la chuma la 8 au 10 mm, kisha kihisi kifungwe kwa bolti kwenye bamba. Usikichomelee kihisi, na usikifunge kwa sumaku ukitarajia pembe ileile kesho. Wakati wa kuchomelea toa waya za betri na uchomoe vihisi vyote. Waya wa athi wa mashine ya kuchomelea ukae jirani na unapochoma ili mkondo usipite kwenye pini na bushi. Kebo ifuate njia ya hozi za haidroliki, na kwenye kila pini iachie kitanzi cha kutosha kiungo kikikunjwa mwisho. Kebo ikikatika, mara nyingi inakatikia hapo.

mchimbadata

Nimefanya jaribio la duara. Kihisi cha bumu, jairo peke yake: kulia +9.6, kushoto −9.4. Kila duara sekunde 10. Cha mkono ni +2.1 na −2.3. Vihisi vilifungwa kwa jicho, nakiri.

Timazi

Basi namba zimejisemea. Bumu: nusu ya tofauti ni (9.6 + 9.4) / 2 = 9.5, gawanya kwa 360 unapata 0.0264, yaani kihisi kimepinda nyuzi 1.5. Nusu ya jumla ni 0.1 kwa sekunde 10, sifuri ya jairo imehama nyuzi 0.01 kwa sekunde. Hiyo ni nzuri, iache. Mkono: 2.2 / 360, umepinda nyuzi 0.35.

Huna haja ya kufungua bolti. Sahihisha kwenye programu. Sogeza kiungo kimoja tu, bumu juu na chini mara tano au sita kwa kasi ya kawaida, mashine isizunguke. Kusanya vekta za jairo zenye ukubwa zaidi ya nyuzi 5 kwa sekunde. Zote zitalala kwenye mstari mmoja. Mstari huo ndio pini, kama kihisi kinavyoiona. Utafute kwa njia ya miraba midogo zaidi (mstari unaopita karibu zaidi na vekta zote), hakikisha vekta za kushuka umezigeuza alama ili zisifute za kupanda, kisha zungusha data yote ya kihisi ili mstari huo uwe y. Kwa mkono fanya vivyo hivyo, bumu ikiwa imetulia.

Hii inakuponya pia ugonjwa ambao hujauona bado. Mashine ikiinama ubavu nyuzi 10, kihisi kilichopinda nyuzi 2 kinaweza kukosea hadi 2 × tan 10 = nyuzi 0.35 hata kikiwa kimetulia tuli. Kikiwa sambamba na pini, mwinamo wa ubavu haugusi pembe ya kiungo, kwa sababu fx na fz zinapungua kwa uwiano mmoja. Ndiyo maana mkuu ameandika "thamani inayotarajiwa": mwili ukiinama ubavu kwa ρ, usitegemee 9.81 bali 9.81·cos ρ.

Sasa dalili yako ya kwanza. 60 mm kwa 8.6 m ni nyuzi 0.4. Mashine imetulia, basi ni kalibresheni. Kuna vitu viwili ndani yake.

Cha kwanza ni kihisi cha mwili wa juu. Soma mwinamo wa mbele-nyuma, zungusha nusu duara kamili, soma tena. Tuseme unapata 1.84 kisha −1.12. Nusu ya jumla, 0.36, ni kosa la kihisi. Nusu ya tofauti, 1.48, ni mteremko wa ardhi. Ardhi iwe imara. Mnyororo wa kutembelea ukizama upande mmoja ulipogeuza uzito, jaribio limekufa.

Cha pili ni pembe ya mstari wa pini kwa pini, na hapa ndipo watu wanaharibu. Bumu imepinda kama upinde, kwa hiyo ukiweka pimamaji juu ya bamba lake unapima bamba, hupimi bumu. Pembe inayotakiwa ni ya mstari kutoka kitovu cha pini ya mguu hadi kitovu cha pini ya mkono. Kama una totali stesheni (kifaa cha wapima ardhi cha pembe na umbali), piga alama katikati ya kila pini na umalize kwa dakika kumi. Kama huna, tumia timazi na leza ya mlalo: dondosha timazi kutoka kitovu cha pini ya mkono, pima kimo cha vitovu vyote viwili kutoka mstari wa leza, kisha asin ya tofauti ya vimo kugawanya kwa 5.7 m. Ukikosea kimo kwa 3 mm umekosea nyuzi 0.03, hiyo inavumilika. Rudia kwa mikao mitatu, bumu chini, katikati na juu. Marekebisho yakitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 0.1 kati ya mikao, kihisi chenyewe kina kosa la kipimo na inabidi ukikalibrishe juu ya meza, pande zote sita.

PembeNne

Naona watu wameruka baketi, na kihisi kiko kwenye wenzo. Ni uamuzi sahihi, kihisi kwenye baketi yenyewe hakimalizi wiki. Lakini pembe ya wenzo si pembe ya baketi. Ukiziunganisha kwa kuongeza namba isiyobadilika umekosea karibu kila mahali isipokuwa ulipokalibrishia.

Taja pini nne: A ni wenzo kwenye mkono, B ni wenzo na silinda na linki (chuma kinachounganisha wenzo na baketi), C ni linki na baketi, D ni baketi na mkono. φ ni pembe kwenye A kati ya AD na AB. Kisha kanuni ya kosaini mara tatu:

BD² = AB² + AD² − 2·AB·AD·cos φ
pembe ADB = acos[(AD² + BD² − AB²) / (2·AD·BD)]
pembe BDC = acos[(CD² + BD² − BC²) / (2·CD·BD)]

Pembe ya baketi kwenye D ni jumla ya hizo mbili. Mfano wa vipimo tu: AB 640, AD 420, BC 600, CD 450 mm. φ ikiwa 90 unapata nyuzi 108.3, ikiwa 50 unapata 168.2, ikiwa 130 unapata 57.5. Angalia mwendo wake: karibu na φ ya 50, uzi mmoja wa wenzo unageuza baketi nyuzi 1.76, karibu na 130 ni 1.24. Maana yake kosa lolote la kihisi cha wenzo linakuzwa, na linakuzwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine.

Urefu wa hizo nne pima kitovu kwa kitovu kwenye mashine yako. Kitabu cha mashine kikikupa vipimo ni sawa, lakini baketi ikishabadilishwa, CD si ile tena. Tengeneza jedwali la kila baketi: CD, umbali wa D hadi meno, na pembe kati ya mistari hiyo miwili. Opereta achague baketi kwenye skrini. Meno yakilika nayo yapimwe upya. Jino lililofupika 40 mm ni kosa la 40 mm, hakuna jairo itakayoliona.

basi250

Dalili ya tatu hakuna aliyeigusa. Hiyo ni mtetemo wa injini unaojificha kwenye sampuli zako.

Injini ya silinda sita yenye mipigo minne inalipua mara tatu kwa kila mzunguko wa shafti. Mizunguko 1980 kwa dakika ni 33 kwa sekunde, mara tatu ni 99 Hz. Ukisoma mara 100 kwa sekunde, mtetemo wa 99 Hz unaonekana kama wimbi la 1 Hz. Huko ndiko "kupumua". Kwenye 2000 kamili ni 100 Hz, na hapo hauonekani kabisa kama wimbi, unageuka kosa lililosimama kama pembe halali. Hilo ni baya zaidi kwa sababu hulishuku. Kwenye 1700 ni 85 Hz, linageuka 15 Hz na chujio lako linalikata.

Baada ya kusoma huwezi tena kulitoa. Lazima likatwe kabla. Weka kihisi kisome ndani kwa 1 kHz au zaidi, washa chujio lake la ndani la frikwensi za chini, kisha toa 100 kwa sekunde. Na usiwe mchoyo wala mlafi na hilo chujio: la daraja la kwanza lenye mpaka wa 5 Hz linachelewesha milisekunde 32. Mkono ukienda nyuzi 40 kwa sekunde, umechelewa nyuzi 1.3. Kwa jairo weka mpaka 30 au 40 Hz, akselerometa ndiyo ikazwe zaidi.

Kipimo cha akselerometa je, uko ±2 g? Panda hadi ±8 g. Ukifunga nyundo ya kuvunjia mawe ±2 g inagonga dari, na kwa kuwa tayari 1 g imekaa upande mmoja, vilele vinakatwa upande huo kuliko mwingine, wastani unahama na pembe inahama nao. Jairo ±250 nyuzi kwa sekunde inatosha kwa bumu na mkono; wenzo wa baketi upe ±500.

Kwenye waya: kama vihisi vinatuma data kwa CAN (basi, yaani waya mbili zinazoshirikiwa na vifaa vyote), fremu ndefu, yaani ujumbe mmoja, yenye baiti 8 ni kama biti 131 kabla ya biti za kujazia. Kwa 250 kbit/s ni milisekunde 0.52. Vihisi vinne, fremu mbili kila kimoja, mara 100 kwa sekunde, ni fremu 800, asilimia 42 ya basi. Usiwaweke kwenye basi ya injini. Wape basi yao, ipandishe 500 kbit/s, na kila fremu ibebe muhuri wa muda wa kihisi. Ukichanganya bumu ya sasa na mkono wa milisekunde 20 zilizopita, unapata kosa linaloonekana tu mashine ikitembea, na utalitafuta kwenye chujio bure. Betri ikiwa imezimwa, pima kati ya waya mbili za basi: ohm 60. Ukiona 120, kizuizi cha mwisho kimoja hakipo.

mchimbadata

Ahsanteni sana. Nimeingiza marekebisho ya y, ω²r, kipimo cha fx na fz, muda wa sekunde 4, na kusoma kwa 1 kHz. Bumu sasa inahama nyuzi 0.4 ikizunguka badala ya 18. "Kupumua" kumekwisha. Meno yakiwa 8.6 m kosa ni 22 mm mashine ikitulia.

Kinachobaki: opereta akisimamisha bumu ghafla, pembe ya mkono inayumba nyuzi 1 hivi kwa nusu sekunde. Hapo ndipo Kalman?

jairo_na_grisi

Angalia kwanza kama ni kweli imeyumba. Bumu ya mita 5.7 ikisimamishwa ghafla inatikisika pamoja na mafuta kwenye silinda, na mashine nzima inatikisika juu ya mnyororo. Linganisha na kihisi cha mwili wa juu: kama nacho kinayumba kwa frikwensi ileile, sehemu kubwa ni mwendo halisi, na tofauti ya pembe itaufuta ukihakikisha mihuri ya muda inalingana.

Kama mwili umetulia na mkono peke yake unayumba, basi ndiyo, sasa Kalman ina kazi ya kufanya, lakini umpe habari mpya asiyokuwa nayo. Habari hiyo ni pini. Pini ya mkono ni nukta moja. Mchapuko wake ukihesabiwa kutoka kihisi cha bumu na ukihesabiwa kutoka kihisi cha mkono lazima ulingane:

a + ω̇ × r + ω × (ω × r)

ambapo a ni somo la akselerometa, ω ni kasi ya jairo na ω̇ ni mabadiliko ya kasi hiyo; kila upande kwa r yake kutoka kihisi hadi pini. Ukizungusha upande mmoja hadi ulingane na mwingine, pembe uliyozungushia ndiyo pembe ya kiungo. Uzuri wake ni kwamba haihitaji mashine itulie; mchapuko ni sehemu ya kipimo. ω̇ unaipata kwa kutofautisha jairo, na hiyo inaleta kelele, kwa hiyo ichuje na uicheleweshe akselerometa kwa muda uleule. r ikosee chini ya 10 mm.

Timazi

Na zile 22 mm, kabla hujaendelea kuzisaka kwenye programu, weka baketi chini, kisha iinue kidogo huku saa ya kupimia ikiwa kwenye pini C na D. Bushi zikicheza 2 mm kwenye pini zilizo 450 mm mbali, baketi inageuka nyuzi 0.25 bila wenzo kusogea. Kwa meno yaliyo 1.5 m kutoka D ni karibu 7 mm. Itabadilika kulingana na baketi imening'inia au imeegemea ardhi, kwa hiyo usijaribu kuiondoa kwa namba moja ya marekebisho. Kalibrisha baketi ikiwa inagusa ardhi, kwa kuwa ndivyo inavyofanya kazi, na bushi zibadilishwe.